Kabla hujamfukuza dereva, inua gari kwenye jeki

Simu ilikuja saa moja asubuhi, na kabla ya salamu kuisha nilishajua inakoelekea. "Fundi, huyu kijana ananinyonya mafuta. Nitafutie dereva mwingine." Mpigaji ana magari matatu ya tani 4 yanayobeba mahindi ya Kibaigwa na alizeti ya Singida. Nilimuuliza gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, na magurudumu yake yalizungushwa kwa mkono lini mara ya mwisho. Hakujua. Alichojua ni kwamba kijana aondoke.

Simu za namna hii nimezichoka. Natengeneza magari ya biashara hapa Dodoma, na hakuna imani inayowagharimu wenye magari, na kuwaonea madereva, kama hii: kwamba mafuta yakizidi, basi dereva ameiba.

Wizi upo, sitaukana. Nimeona mpira wa kunyonyea umefichwa chini ya kiti, nimeona madumu ya lita 20 nyuma ya kibanda cha chai. Lakini gari lina njia nyingi za kumeza mafuta bila mkono wa mtu, na nyingine hazionekani mpaka uliguse.

Kuna tajiri mmoja aliniletea gari baada ya kubadilisha madereva watatu. Kila mmoja alipewa lita zile zile, na kila mmoja aliishia kupiga simu njiani akiomba nyongeza. Nilimwomba tuliendeshe hadi Ihumwa na kurudi. Nilipoegesha sikukanyaga breki kwa nguvu, nililiacha lijisimamie lenyewe, kisha nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto nilirudisha mkono kabla sijaifikia, na harufu ya breki iliyoungua ilikuwa hapo hapo. Tulipoliinua kwenye jeki, gurudumu lile halikuzunguka hata nilipolivuta kwa mikono miwili. Pistoni ya silinda ndogo ya breki ilikuwa imeshika kwa kutu na vumbi, haikurudi baada ya dereva kuachia pedali. Gari lilikuwa linatembea limeshikwa mguu mmoja, Dodoma hadi Singida, kilomita zaidi ya 200, safari baada ya safari. Tajiri alisimama kimya akitazama lile gurudumu. Baadaye aliuliza afanyeje kuhusu wale vijana watatu. Nilimwambia awapigie simu.

Breki inayoshika si lazima itoke kwenye pistoni. Springi za kurudisha hulegea, kebo ya hendi breki hukwama, na paipu ya mpira ya breki iliyozeeka huvimba ndani ukaruhusu mafuta ya breki kwenda ila yasirudi. Kwa nje inaonekana nzima kabisa. Ndiyo maana nasisitiza jeki. Kila mwezi, gurudumu moja moja, zungusha kwa mkono. Haihitaji kompyuta wala kifaa cha kuagiza Dar es Salaam.

Ukishaondoa breki kwenye mashaka, fanya jaribio hili kabla ya kumwita mtu mwizi. Wabadilishane: dereva A achukue gari la B, na B achukue la A, njia ile ile, mzigo ule ule, wiki mbili. Tatizo likibaki kwenye gari, mkabidhi fundi. Likihama na dereva, hapo una la kumuuliza, na hata hapo usianze na neno wizi. Dereva anaweza kumaliza mafuta yako kwa mguu tu. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linasukuma hewa kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 56 ile ya kilomita 80. Na hiyo 80 ndiyo kikomo cha sheria kwa magari makubwa ya biashara. Tajiri anayempigia dereva simu kila nusu saa kumuuliza amefika wapi, halafu jioni akalalamikia mafuta, analalamikia amri yake mwenyewe.

Kisha kuna hesabu, na hapa wenye magari wengi wananikasirisha. Wanapima mafuta kwa shilingi. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Dodoma si ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yamesafirishwa kuja huku. Laki mbili za mwezi uliopita na laki mbili za mwezi huu ni lita tofauti, na laki mbili za Dar na za Dodoma ni lita tofauti. Bei ikipanda, pesa ile ile inafika njia fupi, na kijana anaitwa mwizi kwa kosa la soko. Andika lita. Risiti inazo.

Namna ya kupima ni moja tu ninayoiamini: jaza tenki mpaka bomba likate lenyewe, andika odometa, fanya kazi, rudi jaza tena mpaka likate, ikiwezekana kituo kile kile na pampu ile ile. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizoongeza. Kilomita 412 kwa lita 68 ni kilomita 6 kwa lita na ushee. Mara moja haitoshi, chukua safari nne au tano. Geji ya kwenye dashibodi si kipimo. Gari likiegeshwa kwenye mwinamo tu inasema kingine.

Na odometa yenyewe hudanganya ukibadilisha saizi ya tairi. Wapo wanaotoa 7.00-16 wakafunga 7.50-16 ili gari liinuke kwa barabara za vijijini. Tairi hilo ni kubwa kwa karibu asilimia 4, linazunguka mara chache zaidi kwa umbali ule ule, basi gari likitembea kilomita 400 odometa inaandika kama 385. Kwenye daftari inaonekana gari limeanza kula mafuta tangu mwezi huo. Nani alipewa lawama? Dereva.

Jingine ni kumpa dereva lita sawa kwenda na kurudi. Morogoro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma kama mita 1,100. Gari lenye uzito wa tani 8 pamoja na mzigo, kule kupandishwa mita 600 peke yake kunaomba karibu lita 4 za dizeli, kabla hujahesabu vilima vya Gairo anavyopanda, akashuka, akapanda tena. Anayeshuka na mzigo na kurudi mtupu si sawa na anayeshuka mtupu akarudi amejaa saruji. Pangia kila njia na kila mzigo lita zake, kutokana na daftari lako mwenyewe.

Sasa hizi imani nyingine za barabarani.

"Dodoma kuna joto, punguza upepo tairi lisipasuke." Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika ubavuni kila linapozunguka, kule kukunjika ndiko kunakozaa joto, na joto ndilo linalolipasua. Wakati huo huo injini inalisukuma tairi zito, inakula zaidi. Upepo hupimwa asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa kiwango cha mtengenezaji kulingana na mzigo. Ukipima saa nane mchana ukakuta umepanda, uache hivyo hivyo. Ukiutoa, kesho asubuhi tairi litakuwa pungufu. Nunua kipimo chako, kikae kwenye gari. Utingo wengi hupima kwa kulipiga tairi teke, na teke halitofautishi tairi zima na lililopungua robo.

"Tia frii mteremkoni, unaokoa mafuta." Yaani utoe gia, gari lishuke lenyewe. Hii sitaki hata kuisikia. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini zinafungwa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Matumizi yanakuwa sifuri. Ukitia frii, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo unatumia zaidi, na umeipoteza breki ya injini pale Sekenke au Nyang'oro, ukiwa na tani kadhaa mgongoni na breki zinazochemka. Dereva akikuambia ndivyo anavyokuokolea mafuta, mkataze siku hiyo hiyo.

"Dizeli haizimwi, kuwasha kunakula zaidi." Lori kubwa likinguruma bila kutembea linakula kama lita 3 kwa saa. Foleni ya kushusha mzigo ikiwa ya saa mbili, hizo ni lita 6 zimeteketea gari likiwa pale pale. Kama limetoka kupanda mlima na lina tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa), liache dakika mbili tatu lipoe, kisha zima. Betri inayokataa kuwasha ibadilishwe. Wengi wanaogopa kuzima kwa sababu ya betri, si kwa sababu ya mafuta.

"Jaza alfajiri, mafuta ya baridi ni mengi." Dizeli kweli hupungua ujazo ikipoa, kama lita 8 kwa kila 1,000 joto likishuka nyuzi 10. Lakini tenki la kituo liko chini ya ardhi, na huko asubuhi na mchana havitofautiani kwa kiasi cha kukutoa kitandani.

"Chujio la hewa likipulizwa ni jipya." Kwa vumbi letu hili, kupuliza kunasaidia mara moja au mbili, tena kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Wanaopuliza kwa nguvu zote hutoboa karatasi, na vumbi linaingia kwenye silinda. Gari likianza kutoa moshi mweusi likipanda, yale ni mafuta yako ambayo hayakuungua. Anza na chujio, ukishindwa ndipo umtafute fundi wa pampu.

Na zile dawa za kumwaga kwenye tenki na sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta: pesa hiyo nunulia jeki.