Niondoleeni huyo twiga

Wiki iliyopita nimeletewa mchoro wa twiga, wa nne mwaka huu, niutie kwenye programu ya muziki ya watoto. Safari hii amevaa hedifoni, anatabasamu, na shingo yake ndiyo menyu: kila doa ni aina ya muziki. Mteja ana hazina ya ajabu, santuri na kaseti za taarab, ngoma na dansi ambazo zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta, na anataka watoto wa miaka 4 hadi 8 wazichezee. "Watoto wanapenda katuni na rangi," ameniandikia, "kwa hiyo tuipambe tu ile programu ya wakubwa." Na katika wanyama wote wa porini, amemchagua yule ambaye karibu hana sauti.

Hilo "tuipambe tu" ndilo lililonikalisha macho usiku huu. Ukipamba orodha unabaki na orodha yenye mapambo. Mtoto atamgusa twiga mara mbili, atacheka, halafu atakutana na kile kile alichotengenezewa mtu mzima: majina ya waimbaji asiowajua, miaka isiyomhusu, na aina za muziki ambazo hata sisi wenyewe tunagombania mipaka yake. Mchezo uwe ndani ya sauti. Kidole kikigusa, kitu kisikike, kikisogea, kibadilike, na mtoto ajue kwamba aliyekibadilisha ni yeye.

Na ajue papo hapo. Kipimo chetu cha siku zote ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikizidi hapo, mkono na sauti vinaachana. Vishikwambi vya bei nafuu, ambavyo ndivyo vitakavyonunuliwa, vinavuka hapo bila haya. Katika jaribio langu la kwanza la mradi wa namna hii, binti wa miaka mitano hivi aligusa. Kimya. Akagusa pembeni. Kimya. Akabandika kiganja kizima. Nyimbo tatu zikalipuka kwa pamoja, naye akakigeuza kishikwambi kuangalia nyuma yake kuna nani.

Dawa yake si siri: vipande vya mwanzo vikae tayari kwenye kumbukumbu kabla mtoto hajagusa kitu, na visiwe MP3. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili. Hutakigundua mpaka uifanye ngoma ijirudie, na hapo itachechemea kama mtu mwenye mwiba. Mimi nililaumu msimbo wa programu yangu siku mbili nzima.

Sasa jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, na linakula nusu ya muda wangu: wimbo uanzie wapi? Mtu mzima huanzia mwanzo. Mtoto ana kidole na subira ya sekunde tatu. Taarab ya kundi kubwa inaweza kupiga vyombo vitupu dakika nzima kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kaseti iliyorekodiwa harusini huanza na viti vinavyoburutwa, kikohozi, na mtu anayemwita Salma aje huku. Ziko programu zinazochagua zenyewe mahali penye kishindo kikubwa. Tafadhali, msizitumie. Huangukia katikati ya neno, mtoto akasikia nusu silabi na tari tatu, akaondoka zake.

Mimi nakata kwa masikio, wimbo mmoja baada ya mwingine, na ninaacha pumzi. Ile pumzi anayoivuta mwimbaji kabla ya kuingia kwenye ubeti, mafundi wengi huifuta kama takataka. Watoto huisubiri! Kijana mmoja alirudia pumzi ya bibi mmoja mara 11 bila kuufikia wimbo wenyewe, akiivuta pamoja naye, kifua kimejaa, macho yamemtoka. Mwalimu wake akanyoosha mkono ili ampeleke "mbele". Nilimshika mkono. Mbele wapi? Mtoto alikuwa amekwisha kufika.

Rangi. Kila nikibisha, mtu hunitolea mfano wa maktaba ya kidijitali ya kimataifa ya watoto iliyozinduliwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ambako watoto wa miaka 7 hadi 11 walikaa meza moja na wabunifu, na kitabu kikaweza kutafutwa kwa rangi ya jalada. Mfano mzuri, lakini mmeokota ganda mkaacha tunda. Rangi ya jalada ni ya kitabu chenyewe; mtoto anaiona na kuikumbuka. Ninyi mnazipaka njano "nyimbo za furaha" na bluu "nyimbo za huzuni". Nani alimwambia mtoto wa Tandale kwamba bluu ni huzuni? Na furaha ipi? Nusu ya taarab ni malalamiko na vijembe, na watu wanainuka kwenda kutunza meno yote nje. Nimewahi kukaa kikao cha saa mbili watu wazima wakibishana wimbo mmoja uwe njano au bluu. Mtoto tuliyemwita atusaidie alisema ni wa kurukaruka, akaruka, akaenda kunywa maji.

Michoro ya vyombo nayo: ukichora ngoma, ngoma ilie, sasa hivi, si baada ya beti mbili za sauti tupu. Nyota na pointi: hapana. Mtoto anayepewa nyota kwa kusikiliza nyimbo kumi atagusa nyimbo kumi. Hedifoni: hapana pia, watoto wanne juu ya kishikwambi kimoja ndio mchezo wenyewe. Tusonge.

Kabla hamjaniona mjuaji, niwaambie nilivyoanguka mwenyewe. Toleo langu la kwanza lilikuwa bao. Mashimo 32, kete 64, kila kete ni wimbo. Unaichota, unaisambaza, nyimbo zinaimba shimo kwa shimo. Nilijivunia kweli, kitu chetu, hakuna twiga. Wasiojua bao hawakuelewa mashimo ni ya nini. Wawili waliofundishwa na babu zao walitaka kucheza bao la kweli na wakauliza mbona linapiga kelele. Waliobaki walisukuma kete zote kwenye shimo moja na kupiga mayowe. Bao lile lilikuwa twiga wangu, tofauti ni kwamba amezaliwa nyumbani. Nililitupa nikabakiza lile rundo, maana pale kwenye rundo ndipo walipokuwa wakicheza. Sasa skrini ni nyeusi yenye vitone, na kidole kinatafuta kama mkono wa babu kwenye redio ya mbao: ukikikaribia kitone sauti inapanda, ukienda mbali inafifia, ukikaa katikati ya viwili unasikia vyote.

Nilichoshindwa ni maneno. Nyimbo za unyago nimezitoa, na hilo sina mjadala nalo. Ziliimbiwa mwari ndani ya nyumba, si skrini ya chekechea. Lakini mafumbo? Wimbo unazungumzia embe, mtoto anaimba embe, bibi aliyekaa pembeni anajifunika uso kwa kanga akicheka. Kuna wimbo wa Siti binti Saad wenye tuni tamu kabisa, na kisa chake ni mauaji. Nikianza kuchuja mafumbo, taarab itabaki na vyombo peke yake. Nimeuacha humo humo, sikuutoa. Siku nyingine najiona nilifanya sawa, siku nyingine sijui.

Na kuna hili linaloniaibisha kidogo. Vitone lazima vipangwe, kipi kikae jirani na kipi. Nilijaribu kwanza kuiachia kompyuta isikilize na kupanga zinazofanana. Ikaweka santuri zote kona moja: udi, marimba, kwaya, vyote pamoja, kwa sababu vyote vina mkwaruzo. Nilicheka sana, nikawasimulia wenzangu, mashine imesikiliza vumbi badala ya muziki. Nikafuta kila kitu nikapanga mwenyewe: za kupigia makofi chini, za sauti moja juu, za nyuzi kushoto.

Siku ya jaribio, yule binti aliyegeuza kishikwambi alikuja tena. Alipita kwenye makofi, akapita kwenye nyuzi, akagusa santuri moja, akasimama. Kisha akaniuliza, "Zingine za mvua ziko wapi?"

Sikumwelewa. Akaniwekea kishikwambi sikioni. Ule mkwaruzo, kwa mtu aliyezaliwa chini ya bati, ni mvua.

Nimemjibu mteja kwamba twiga haingii. Kona ya mvua imerudi, chini kulia, kama mashine ilivyoipanga. Siti, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, yuko huko.