Emansipasyo ya mtoto: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo katika sheria

Emansipasyo humtoa mtu ambaye hajatimiza miaka 18 chini ya mamlaka ya wazazi au mlezi, ili atende mambo ya kiraia kwa jina lake mwenyewe. Ni hayo tu, lakini mtaani jina hilo linabebeshwa mengi.

"Msichana akiolewa, sheria inamhesabu mtu mzima."
Wanaosema hivyo wamebaki na Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1 Agosti 1987. Wakati ule msichana aliweza kuolewa na miaka 15, na ndoa yenyewe ilimpa emansipasyo. Sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016 iliifunga njia hiyo: mume na mke, wote miaka 18. Kifungu cha 357 cha Kanuni hiyo kinaongeza kwamba mtoto, hata aliyekwisha kupata emansipasyo, haoi wala haolewi kabla ya umri huo. Kumwombea binti wa miaka 16 emansipasyo ili aolewe ni kupoteza nauli. Mahari ikiwa imepokelewa, shauri ni lile lile.

"Barua ya familia yenye mhuri wa komini inatosha."
Haitoshi. Baba, mama au mlezi anaomba. Mahakama ndiyo inayotoa. Wajomba wakikubaliana na burugumesta, mkuu wa komini, akigonga mhuri, kijana bado ni mtoto mbele ya sheria.

Hasara huonekana hasa kwenye parseli. Yatima wa miaka 17 anauza kiwanja Katuba au Ruashi, komini za Lubumbashi; mnunuzi anapewa karatasi yenye saini za familia, analipa, anapandisha ukuta. Kisha mlezi anakwenda mahakamani kuomba mkataba uvunjwe, kwa kuwa muuzaji hakuwa na uwezo wa kisheria, na hoja hiyo ina nguvu. Basi kabla ya kutoa pesa, dai nakala ya hukumu kutoka grefe (ofisi ya kumbukumbu za mahakama) na hati ya kuzaliwa. Linganisha majina na tarehe herufi kwa herufi. Soma uamuzi mpaka mwisho (wengi huishia ukurasa wa kwanza, ambako hamna kitu), halafu uliza grefe kama kuna rufaa.

"Mtoto hawezi kamwe kuandikishwa kama mfanyabiashara."
Hapa watu wanakosea kwa upande wa pili. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 12 Septemba 2012, na kifungu cha 7 cha sheria yake ya biashara kwa jumla kinamkataza mtoto kuwa mfanyabiashara isipokuwa amepata emansipasyo. Kwa kijana aliyerithi duka, hii ndiyo faida inayoshikika.

"Mtoto akipata emansipasyo, anapiga kura."
Hapana. Katiba, kifungu cha 5, inataka miaka 18 kamili. Akivunja sheria za jinai, kesi yake bado ni ya mahakama ya watoto, kwa sababu sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18.