Kabla ya Kuanzisha Kampuni, Hesabu Miezi ya Kusubiri Malipo

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa biashara hapa Nakuru huwa wameshasajili kampuni. Cheti kiko kwenye simu, muhuri umechongwa, na wengine wameshalipa kodi ya chumba. Wanachotaka ni kusaidiwa kuandika mpango wa biashara kwa sababu benki imeuitisha. Nawaelewa. Usajili siku hizi hufanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kumiliki kampuni binafsi peke yake. Lakini mpango ulioandikwa kwa ajili ya kuifurahisha benki humpotosha kwanza aliyeuandika, na deni likija ni lake.

Tuanze na soko. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Nimesoma mipango mingi inayoanza na idadi hiyo, kisha ikadai kwamba asilimia 1 pekee itatoa wateja zaidi ya 21,000. Ukimuuliza mwenyewe hao 21,000 wanaishi mtaa gani na leo wananunua kwa nani, hana jibu. Afadhali mtu anayetaka kutengeneza yogati azunguke mitaa ya Free Area, Kaptembwo na Section 58 akiwa na daftari, awaulize wenye maduka 20 maswali yaleyale: Unauza pakiti ngapi kwa wiki? Unazichukua kwa bei gani? Zikiharibika, hasara ni ya nani? Na aliyekuletea unamlipa lini?

Hilo la mwisho ndilo ninalowasihi watu wasilisahau, kwa sababu kampuni changa inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikafungwa kwa kukosa pesa mkononi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kampuni ya Njoro inatengeneza yogati lita 100 kwa siku, yaani lita 3,000 kwa mwezi. Tuseme maziwa ni shilingi 50 kwa lita: 150,000. Sukari, chachu ya kugandisha maziwa, pakiti na gesi viwe shilingi 30 kwa lita: 90,000. Mishahara, kodi ya chumba, umeme na usafiri 80,000. Jumla ya matumizi ni 320,000. Lita ikiuzwa 130, mauzo ni 390,000 na faida ni 70,000 kila mwezi. Kwa macho, biashara ni nzuri.

Sasa tuseme nusu ya yogati hiyo inachukuliwa na maduka makubwa na shule zinazolipa baada ya siku 60. Mwezi wa kwanza zinaingia 195,000 na zinatoka 320,000. Pengo ni 125,000. Mwezi wa pili ni vivyo hivyo. Malipo ya mwezi wa kwanza yanafika mwezi wa tatu, na hapo ndipo pesa zinazoingia zinapozidi zinazotoka. Kwa hiyo kampuni hii inahitaji shilingi 250,000 za kusubiria tu, mbali na friji, sufuria na mashine ya kufungia pakiti. Asiyeziandika kwenye mpango huzitafuta baadaye kwa haraka, kwenye mikopo ya simu yenye riba inayoumiza.

Wako wanaosema pengo hilo watalibeba wakulima kwa kucheleweshewa malipo. Nawaomba wasiliegemee hilo. Mkulima mwenye karo ya kulipa atampa maziwa yake mchuuzi wa pikipiki anayelipa papo hapo, na kampuni itabaki na wateja bila bidhaa. Ni heri kuanza na maduka madogo yanayolipa taslimu au kwa M-Pesa, kisha maduka makubwa yaongezwe kidogo kidogo kadiri akiba inavyokua.

Msimu nao uandikwe mwezi kwa mwezi. Mvua ndefu zikishika, maziwa hujaa na bei hushuka. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, maziwa hupungua. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, oda zake husimama huku mishahara ikiendelea. Ndivyo ilivyo pia kwa anayepanga kukausha na kupakia omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kule Kisumu: uvuvi wake husitishwa kuanzia Aprili hadi Julai, na kampuni isiyo na shehena ghalani wala kazi nyingine itakaa miezi 4 bila mauzo.

Halafu kodi na vibali. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha ile kodi ya mauzo ghafi ambayo wafanyabiashara huiita TOT hadi asilimia 3, kwa wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Katika mfano wetu ni 11,700 kwa mwezi, na ile faida ya 70,000 inakuwa 58,300. Kuna leseni ya kaunti, kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kodi ya chumba hulipwa hata wakati unavisubiri, basi nayo iingie kwenye hesabu.

Sehemu nyingine za mpango ni fupi: nani atafanya kazi gani, vifaa vitanunuliwa wapi, mkopo utarudishwaje. Muhtasari wa ukurasa wa mbele uandike mwisho, ukishajua unachofupisha.

Kampuni ikishafikisha miezi 3, uweke mpango wako kando ya taarifa ya M-Pesa na ya benki, usome mstari kwa mstari. Palipotofautiana zaidi na ulichoandika ndipo pa kuanzia tutakapokaa na wewe mezani.