Mtoto wa jicho: usisubiri akomae ndo uje hospitali

Kwenye kliniki za macho tunawaona sana wazee wanaoletwa wakishikwa mkono, ukiuliza mbona mmechelewa hivi unajibiwa tuliambiwa tusubiri kwanza mtoto wa jicho akomae. Jamani, hiyo ilikuwa ya oparesheni za zamani. Siku hizi akianza kukuzuia kusoma, kushona, kuendesha gari au kutambua sura za watu inatosha, njoo. Ukikaa naye sana lenzi ya jicho, ambayo ndiyo inayoingia ukungu, inakuwa ngumu, oparesheni inakuwa kazi zaidi, na kuna wakati lenzi inavimba mpaka inapandisha presha ya ndani ya jicho, hapo mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibika hakuna wa kuurudisha.

Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni, ni lenzi yako mwenyewe imeingia ukungu. Kile kinyama kinachoota pembeni ya jicho na kupanda juu ya kioo cha mbele cha jicho ni ugonjwa mwingine kabisa, watu wanachanganya sana. Mtoto wa jicho hakuumi, na ndo maana watu wanampuuza, unaona tu ukungu, taa za magari usiku zinatawanyika, miwani unabadilisha kila mara. Kuna wazee wanafurahi eti ghafla wanasoma bila miwani, kumbe ni lenzi inabadilika, baada ya muda hata hiyo raha inaisha.

Wengi ni umri, ila kisukari, sigara, kuumia jicho na dawa za steroidi (zile za kutuliza uvimbe na mzio) vinaweza kumleta mapema. Halafu hakuna dawa ya matone inayomyeyusha, asikudanganye mtu, tena matone mengine watu wanayojinunulia kiholela yana hizo hizo steroidi, unatibu ukungu kwa kitu kinacholeta ukungu!

Siku ya oparesheni, jicho litakuwa limeshapimwa ili kujua lenzi ya namba gani itakufaa. Mtu mzima kwa kawaida halazwi usingizi, ni ganzi ya matone au sindano pembeni ya jicho, utasikia tunaongea, utaona mwanga, maumivu hapana, labda kama kubanwa hivi. Tunatoa lenzi yenye ukungu tunaweka ya bandia ambayo inakaa humo maisha yako yote, mara nyingi haizidi nusu saa na kidonda ni kidogo hakihitaji nyuzi. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na hapana, jicho halitolewi nje likawekwa mezani, hii hadithi sijui nani aliianzisha.

Plasta ikitoka kesho yake uono unaweza kuwa bado haujatulia, vumilia wiki chache, weka matone kama ulivyoelekezwa, usifikiche jicho, usibebe ndoo, maji ya kuoga yasiingie machoni. Miwani ya kusomea huenda ukaihitaji bado. Lakini jicho likianza kuuma sana, likawa jekundu zaidi au uono ukashuka, usisubiri siku ya kliniki, rudi siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa maambukizi ya ndani.

Kuna wanaorudi baada ya miezi au miaka wakilalamika mtoto wa jicho ameota tena. Hawezi, lenzi ya bandia haiingii ukungu huo, ni ule utando tuliouacha nyuma yake uishikilie ndo umeingia ukungu, unatobolewa kwa leza dakika chache tu na kisu hakihusiki.