Nyanya huanza kuoza shambani: dhana potofu kuhusu miradi ya mboga na upotevu wa chakula

Miradi mingi ya mboga nchini Tanzania hupangwa katika mafungu mawili yasiyokutana. Fungu la kwanza ni la bwana shamba: mbegu, mbolea, umwagiliaji wa matone, viuatilifu. La pili ni la watu wa mazingira: taka za sokoni, mboji, elimu ya kutotupa chakula. Kila fungu lina bajeti yake na ripoti yake, na dhana nyingi zinazojadiliwa hapa chini huzaliwa katika mwanya ulioko kati ya hayo mawili. Nyanya inayomwagwa soko la Ilala jijini Dar es Salaam huwa mara nyingi ilikwisha kuumizwa Ilula mkoani Iringa siku iliyochumwa, na mratibu wa mradi anayekutana nayo kwa mara ya kwanza sokoni amechelewa.

Dhana: Inajulikana kwamba nusu ya mboga hupotea, hivyo hatuna haja ya kupima

Sentensi hii hunakiliwa kutoka andiko moja la mradi hadi jingine. Asili yake ni ripoti ya mwaka 2011 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), iliyokadiria kwamba theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya binadamu, yaani tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa, na kwamba kwa matunda na mboga kiwango hicho hukaribia nusu. Yalikuwa makadirio ya dunia nzima. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilikadiria kwamba asilimia 14 hivi ya chakula hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) nayo ilionyesha kwamba mwaka 2022 asilimia 19 ya chakula kilichokuwa tayari kwa walaji, ikiwa ni tani bilioni 1.05, ilitupwa madukani, migahawani na majumbani.

Takwimu hizi hazipingani, kwa sababu kila moja hupima kipande chake cha safari ya chakula. Kosa ni kuichukua mojawapo na kuiweka kwenye kabichi za Lushoto kana kwamba ilipimwa huko. Tena kuna upotevu usioonekana katika kipimo chochote kinachoanzia baada ya mavuno: bei ya tenga inaposhuka chini ya gharama ya kuchuma na kusafirisha, mkulima huziacha nyanya zikaiva na kudondoka palepale shambani. Mratibu makini hupima mzigo uleule mahali patatu, yaani shambani, unapopakiwa na unapopakuliwa, akarudia kiangazi na masika, akatenganisha kilo zilizooza na kilo zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Nyanya masalo, yaani zilizokataliwa na kuuzwa rahisi, anazonunua mama lishe bado ni chakula, ila fedha ya mkulima imekwisha kupotea.

Dhana: Mboga huharibika kwa sababu wakulima hawana vyumba vya baridi

Chumba cha baridi kina mvuto wake. Kinaonekana, kinazinduliwa, kinapigwa picha. Lakini hakimtibu mgonjwa aliyefika akiwa amekwisha kuvunjika. Nyanya iliyochumwa saa saba mchana ikaachwa juani, au mchicha uliofunikwa kwa turubai jeusi lisilopitisha hewa, huingia katika chumba hicho ukiwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya siku zake. Kuchuma alfajiri, kuweka banda la nyasi kando ya shamba na kutenga zilizopasuka kabla ya kufungasha ni kazi zisizohitaji umeme, na ndizo zinazopaswa kutangulia.

Isitoshe, baridi si moja kwa mboga zote. Kabichi, karoti na mboga za majani hukaa vizuri karibu na nyuzi joto sifuri, lakini nyanya mbichi, bilinganya na matango yakikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 hivi hupata majeraha ya baridi: hutokwa na madoa yaliyobonyea, na nyanya hushindwa kuiva inavyotakiwa hata ikitolewa nje. Zaidi ya hapo, nyanya zinazoiva hutoa gesi ya etilini inayoharakisha majani kugeuka manjano. Chumba kimoja cha kijiji kilichojazwa kila kitu pamoja kinaweza kuharibu mboga ambazo zingepona kivulini.

Kuhusu majokofu ya matofali na mchanga, au ya kuta za mkaa, yanayopoza kwa maji kukauka kutoka kwenye kuta, ukweli unategemea mahali. Hufanya kazi vizuri pakavu kama Dodoma, lakini katika unyevu wa Dar es Salaam au Tanga mjini maji hayakauki kwa kasi ya kutosha kuondoa joto, na mradi unaoyajenga pwani kwa sababu tu yalifanikiwa bara utayaona yakigeuka stoo za majembe.

Dhana: Tenga likijaa zaidi, mkulima anapata zaidi

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi inapomwagika. Ukilitazama tenga la mbao la nyanya linapofungwa, utaona mbao ambazo hazikurandwa, ncha za misumari ndani, nyanya zilizorundikwa kupita ukingo, na mfuniko unaogongewa juu kwa nguvu mpaka juisi ichuruzike. Matenga hayo hupangwa moja juu ya jingine ndani ya lori la Fuso kwa safari ya usiku kucha kupitia mlima Kitonga. Nyanya za chini hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na moja iliyopasuka hulowesha na kuambukiza ukungu zile zinazoizunguka.

Kwa hiyo mradi huleta kreti za plastiki zenye matundu, zinazobeba kilo 20 hadi 25 na kupangika bila kukandamiza nyanya. Ushauri huo ni sahihi, na mara nyingi hushindwa. Sababu si ubishi wa mkulima, kama ripoti zinavyopenda kusema. Mnunuzi hununua kwa tenga, si kwa kilo. Kreti tupu lazima zirudi kutoka Dar es Salaam na hakuna aliyepangiwa gharama ya kuzirudisha. Dalali, ambaye ndiye anayepanga bei mzigo unaposhuka, hakuitwa kwenye kikao hata kimoja. Mratibu anayetaka kreti zifanye kazi huanza na mizani, kwa sababu nyanya zikiuzwa kwa kilo, ukubwa wa chombo haumwibii mtu. Kisha huweka amana kwa kila kreti inayotoka na kumkalisha dalali mezani tangu mwanzo. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, yaani kufungasha kupita kipimo, lakini katazo pekee halijaweza kuliondoa sokoni mahali ambapo hakuna namna nyingine ya kupanga bei.

Dhana: Mboga ikilimwa mjini karibu na mlaji, tayari ni kilimo endelevu

Ukaribu unapunguza upotevu, hilo halina ubishi: mchicha unaokatwa asubuhi na kufika gengeni kabla ya saa tatu hauhitaji jokofu. Lakini endelevu ni neno pana kuliko umbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulichunguza mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam na kukuta madini mazito, yakiwemo risasi na kadimiamu. Madini hayo hayaondoki kwa mboji wala kwa kuosha majani, kwa kuwa mengine hupanda kupitia mizizi. Mradi wa mjini unapaswa kupima udongo na maji kabla ya kugawa mbegu. Matokeo yakiwa mabaya, eneo hilo lipandwe maua.

Dhana: Kilimo endelevu ni kuacha dawa na mbolea za viwandani tu

Kuacha bila kuweka mbadala ni kutelekeza shamba. Kantangaze, nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika Kusini, aliripotiwa nchini mwaka 2014, na kinachomdhibiti ni mchanganyiko wa hatua: mitego ya harufu, kuharibu masalia ya mimea, kubadilisha makundi ya viuatilifu pale vinapohitajika, na kilimo cha mzunguko. Mzunguko wenyewe hueleweka vibaya. Kutoka nyanya kwenda bilinganya, kisha pilipili, kisha viazi mviringo, ni kubaki ndani ya familia moja ya mimea, na ugonjwa wa mnyauko bakteria husubiri humohumo udongoni.

Hapa pia ndipo mafungu mawili ya mradi yanapogusana waziwazi. Mboga iliyolishwa naitrojeni kupita kiasi huwa na majani laini yanayopendeza shambani na kuoza haraka njiani. Na mboga iliyovunwa kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya kiuatilifu haifai kuliwa, hata ikifika sokoni bila doa.

Dhana: Kilichobaki chote ni mboji

Mboji ni kituo cha mwisho katika mpangilio unaoanza na kumlisha binadamu, kisha mifugo. Mboga nzima yenye kovu huliwa. Majani ya nje ya kabichi hulisha ng'ombe na sungura, almradi hayana ukungu. Mabaki laini yanaweza kulisha mabuu ya nzi askari mweusi, ambayo nayo huwa chakula cha kuku na samaki. Yanayobaki baada ya hapo ndiyo ya mboji.

Hata hivyo, lundo la taka za soko peke yake halifanyi mboji. Hufanya uji unaonuka. Taka hizo zina maji mengi na naitrojeni nyingi, hivyo huhitaji mabua, maranda au majani makavu mpaka uwiano wa kaboni na naitrojeni ufikie 25 hadi 30 kwa 1. Lundo linatakiwa liwe na angalau mita moja kila upande ili lipande joto, na lizidi nyuzi 55 kwa siku kadhaa huku likigeuzwa, ndipo vimelea vingi na mbegu za magugu vife. Lundo lisilopata joto, lililotiwa mashina ya nyanya zenye mnyauko, hurudisha ugonjwa shambani kwa toroli.

Dhana: Mboga ikikaushwa haina faida tena

Wagogo wa Dodoma wamekuwa wakikausha mlenda kwa ajili ya kiangazi tangu zamani. Kinachopungua zaidi ni vitamini C, pamoja na viasili vya vitamini A vinavyoharibiwa na jua la moja kwa moja. Madini na nyuzinyuzi hubaki. Mboga iliyochovywa dakika chache katika maji yanayochemka, kisha ikakaushwa kivulini au katika kikaushio kilichofunikwa, huhifadhi virutubisho vingi zaidi kuliko ile iliyoanikwa wazi juu ya bati.

Dhana: Kutupa chakula ni tabia ya matajiri

Ripoti hiyo ya UNEP ya mwaka 2024 ilikuta kwamba wastani wa chakula kinachotupwa majumbani duniani ni kilo 79 kwa mtu kwa mwaka, na tofauti kati ya nchi za kipato cha juu na za kipato cha kati ni kilo 7 tu.

Dhana: Tuongeze mavuno kwanza, soko litafuata

Wakulima 30 wakipewa miche siku moja, watavuna wiki moja, watauza kwa dalali mmoja na kugombania Fuso moja. Bei itaanguka, na mafanikio ya mafunzo yatakuwa ndiyo chanzo cha nyanya kuachwa shambani. Hili si suala la bahati mbaya. Limo ndani ya ratiba ya kugawa pembejeo. Uratibu wenye maana ni kupishanisha vitalu kwa wiki mbili au tatu, kwa kufuata kiasi ambacho wanunuzi wamekubali kupokea kila wiki, na kuhakikisha kwamba wanawake wanaouza mboga za majani, ambao huijua hali ya soko mapema kuliko ofisi, wanasikilizwa kabla kalenda haijafungwa. Kalenda hiyo inapaswa kuandikwa na watu wa mafungu yote mawili wakiwa chumba kimoja, na mwenye mamlaka ya kuzuia ugawaji wa miche pale wanunuzi wanapokosekana awe ametajwa kwa cheo ndani yake.