Wikiendi ya wawili Tanga: dhana potofu zinazoharibu safari ya polepole

Tanga ni jiji linalosifiwa kwa mambo mawili ambayo kila anayepanga safari ya wawili hupenda kuyasikia: utulivu na mahaba. Sifa hizo zina msingi wake, lakini zimewafanya wengi waamini kwamba ukishafika huko na mwenzi wako, mengine yote yatajipa yenyewe. Ndiyo maana tunawaona watu waliotoka Dar es Salaam au Arusha wakiwa wamechoka kwa kazi, wakashinda Jumamosi nzima wakikimbizana na orodha ya vivutio, kisha wakarudi nyumbani wamechoka maradufu na hata wamenuniana. Ninavyoona mimi, kinachoziharibu safari hizi mara nyingi si uhaba wa fedha wala wa mahali pa kwenda, bali ni kudhani kwamba safari ya polepole haihitaji mpango. Inauhitaji, tena kuliko safari ya haraka, kwa sababu mpango wake ni wa kupunguza, na kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza.

Dhana: Wikiendi ni siku tatu, kwa hiyo tutafika kila mahali

Kwa barabara, Tanga iko takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam. Upite Chalinze au upite Bagamoyo na Msata, utaishia Segera, na kutoka hapo utashuka Muheza hadi mjini. Basi hutumia saa sita hadi saba, bila kuhesabu foleni ya kutokea Mbezi siku ya Ijumaa. Ukiondoa kwenda na kurudi, unabakiwa na Jumamosi moja kamili, jioni ya Ijumaa na kipande cha asubuhi ya Jumapili. Hesabu hii haina ugumu wowote, ila watu huifanya wakiwa wamekwisha kuahidiana Lushoto, msitu wa Amani, Pangani na mapango ya Amboni katika safari moja.

Ukweli ni kwamba Lushoto na Amani ziko milimani Usambara, na Pangani iko kusini, umbali wa kilomita zipatazo 50. Kila moja inastahili wikiendi yake. Hata vivutio vilivyo karibu na jiji haviko njia moja. Mapango ya Amboni yako takriban kilomita 8 kaskazini, upande wa barabara ya Horohoro, ilhali magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yako kilomita zipatazo 17 kusini kwenye barabara ya Pangani. Wawili wanaotaka kutulia wachague kimoja kwa Jumamosi, na hicho kingine wakiache bila majuto. Mume mpenda historia atalalamika, na alalamike.

Dhana: Bahari ipo tu, tutaogelea wakati wowote

Dhana hii huwapata zaidi wageni kutoka bara, nami nitakaa juu yake kidogo kwa sababu ndiyo inayoamua ratiba nzima. Pwani ya Tanga hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Ghuba ya Tanga ina sehemu nyingi za maji mafupi, zenye tope na mikoko, kwa hiyo mahali ulipopaona pamejaa maji ya kupendeza ulipofika huenda ukapakuta, saa sita baadaye, pamekuwa uwanja wa matope ambako watu wanaokota kombe. Aliyemwahidi mkewe kuogelea baada ya chakula cha mchana bila kuuliza habari za maji amejitakia lawama.

Habari njema ni kwamba maji yana utaratibu, na utaratibu wake unafuata mwezi. Kila siku wakati wa kujaa huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, siku za bamvua, maji katika pwani hii hujaa karibu na saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hukupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, na alasiri huwa yamekupwa, ingawa hayaendi mbali sana. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu ana nafuu, kwa sababu tarehe 14 na 15 za mwezi humwonyesha bamvua bila kumuuliza mvuvi. Hata hivyo, ni vyema kuangalia jedwali la maji la bandari au kumuuliza nahodha yeyote, kwa kuwa saa nilizozitaja ni za kukadiria.

Kutokana na hayo, wikiendi mbili za mwezi mmoja zinaweza kuwa safari mbili tofauti kabisa. Wikiendi ya mwezi mpevu huwapa wawili alasiri ya kuogelea Raskazone, rasi iliyo kando ya jiji, maji yakiwa yamejaa, na jua likikaribia kuzama, mwezi nao huwa unachomoza upande wa bahari kuu. Wikiendi ya mwezi nusu huwataka waogelee asubuhi, walale mchana, na jioni waitumie mjini. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Kilicho kibaya ni kuishi kwa ratiba ya moja ukiwa ndani ya nyingine.

Hapa pia pana dhana ndogo inayofuatana na hiyo, ya jua kuzama baharini. Pwani ya Tanzania hutazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na kuzama bara. Tanga ina upendeleo kidogo, kwa sababu ghuba yake imeingia ndani ya nchi kavu: ukiwa Raskazone na kutazama upande wa bandarini, jua hushuka ng'ambo ya maji ya ghuba, kati ya saa 12:00 na saa 12:45 jioni kutegemea majira. Ikiwa hilo ndilo mnalolitaka, fikeni saa kumi na moja na msiwe na miadi nyingine baada yake.

Dhana: Safari ya polepole maana yake ni kukaa tu

Wapo wanaokimbia kosa la kwanza wakaangukia katika kinyume chake. Wanafunga mlango wa chumba, kila mmoja anashika simu yake, na kufikia Jumamosi mchana wamechokana. Mwaka 2000 mtaalamu wa saikolojia Arthur Aron na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo wenzi walipewa kazi ya dakika saba: baadhi walifungwa pamoja mkono na mguu wakatambaa juu ya magodoro huku wakisukuma mto bila kutumia mikono, na wengine wakapewa kazi ya kawaida isiyochangamsha. Waliofanya jambo jipya na la kusisimua ndio walioonyesha kuridhika zaidi na uhusiano wao baada ya kazi hiyo. Hakuna anayewataka mtambae. Maana yake ni kwamba utulivu unahitaji ndani yake jambo moja ambalo nyote wawili hamjalizoea, na jambo lenyewe laweza kuwa fupi.

Kwa Tanga, jambo hilo halitafutwi mbali. Mapango ya Amboni ni ya mawe ya chokaa. Ndani mna giza, popo, na njia ambazo mahali pengine huwalazimu watu kuinama na kushikana mikono, na mwongozaji hulazimika kuwamulikia. Kwa wasiopenda giza ipo baiskeli, kwa kuwa jiji hili ni tambarare na limezoea waendesha baiskeli kwa miaka mingi, kiasi kwamba mwanamke aliyevaa baibui akiwa juu ya baiskeli hageuziwi shingo na mtu. Tokeni asubuhi kabla ya saa nne, mkatize mitaa ya Ngamiani ambako barabara zimepewa namba badala ya majina, mvuke reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka hapa mwaka 1893, kisha mteremke hadi kwenye mnara wa saa wa mwaka 1901 na jengo la Boma la kale ambalo sasa ni makumbusho. Njia hiyo ni fupi. Mkiimaliza kwa saa tatu kwa sababu mlisimama kunywa madafu na kubishana kuhusu namba ya barabara, mmeifanya ipasavyo.

Dhana: Kumshtukiza mwenzi ndiyo mahaba

Kumshtukiza mtu kwa zawadi ni sawa. Kumshtukiza kwa safari nzima ni jambo jingine, hasa kwa mtu mwenye kazi, watoto na mavazi ya kuchagua. Jeroen Nawijn na wenzake waliwafuatilia Waholanzi 1,530 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wakagundua kwamba waliokuwa wakisubiri likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa na likizo, lakini baada ya kurudi tofauti hiyo karibu yote ilitoweka. Waliobaki nayo ni wale tu ambao likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa. Urefu wa likizo nao haukuonekana kubadilisha furaha ya baada ya kurudi.

Kwangu mimi matokeo hayo yanatoa ushauri wa wazi. Anayeficha safari anajinyima yeye na mwenzi wake sehemu ya furaha iliyo ya uhakika zaidi, yaani ile ya kungoja. Mwambie mapema, mchague chumba pamoja, mkubaliane mtakula nini Ijumaa usiku. Na mkiogopa kwamba siku mbili ni chache, jueni kwamba uchache wa siku si tatizo kama siku zenyewe hazikujazwa kupita kiasi.

Dhana: Bila hoteli ya bei kubwa hakuna mahaba

Usingizi ndio unaotafutwa, na usingizi hauuzwi kwa nyota za hoteli. Yanayofaa kuulizwa kabla ya kulipa ni machache: je, dirisha linapitisha upepo, chandarua ni kizima, na jirani kuna ukumbi wa harusi au baa? Jumamosi usiku katika miji ya pwani ngoma na muziki wa harusi huweza kukesha, na chumba kizuri kilichopakana na spika ni hasara. Beba kitambulisho, kwa sababu nyumba za wageni huandikisha majina kitabuni. Zipo pia zinazoendeshwa kwa misingi ya dini, ambazo haziruhusu pombe na huenda zikauliza kama wageni ni mume na mke. Ulizeni kwa simu kuliko kubishana mapokezi usiku.

Chakula ndicho kinachostahili fedha mlizookoa. Mikate ya kumimina, vibibi, mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi, supu ya pweza na mishikaki jioni, na samaki wabichi wanaoteremshwa kwenye soko la samaki la Deep Sea: hivi havina bei ya kutisha, na vinaliwa vizuri zaidi na watu wasioangalia saa.

Dhana: Tanga yenyewe italeta mahaba

Mzaha wa kwamba aendaye Tanga hupendwa mpaka akasahau kwao ni wa siku nyingi, na wapo wanaouchukulia kama ahadi. Wanaofahamu mila za huku wanajua kwamba mahaba ya pwani yalisifika kwa sababu ya matayarisho. Somo na kungwi hawakumfundisha mwali kungojea bahati. Walimfundisha kufukiza udi kabla, kutia asumini, kuandaa maji ya kuoga na kuchagua maneno. Mume aliyepokewa namna hiyo alidhani ni uchawi, kumbe ni kazi iliyofanywa akiwa hayupo. Wenzi wa leo wanaweza kugawana kazi hiyo: mmoja ashughulikie tiketi na chumba, mwingine chakula na mavazi, na wote wawili wamalize habari za ada na madeni kabla ya kupanda basi.

Jambo hilo lina upande wake wa adabu pia. Kubusiana barabarani hapa hakuchukuliwi kuwa mahaba bali ukosefu wa haya, na mavazi ya kuogelea huishia kwenye eneo la kuogelea. Kanga moja ya ziada kwenye mkoba hutatua mengi. Mkienda mwezi wa Ramadhani, mchana haufai kwa kula hadharani, ingawa usiku wake mji huwa mchangamfu kuliko miezi mingine.

Dhana: Masika yakianza, safari imekufa

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na ni kweli kwamba siku hizo barabara za vumbi na mashua si vya kutegemea. Lakini safari iliyopangwa juu ya chumba, chakula na matembezi mafupi haiharibiwi na mvua ya saa mbili. Januari na Februari, wanazozipenda wengi, joto lake la mchana huwafungia watu ndani vilevile. Kwa anayetaka hali ya hewa ya wastani, Juni hadi Septemba kuna ubaridi mzuri, ingawa kusi huweza kuchafua bahari kwa wenye kutaka kupanda mashua.

Dhana: Wawili hawapaswi kuachana hata dakika

Si kweli. Mmoja akilala baada ya adhuhuri, mwingine aende akanywe kahawa na kashata barazani. Watakuwa na la kuzungumza jioni.

Dhana: Jumapili itumike mpaka dakika ya mwisho

Anayeondoka alasiri hufika Dar es Salaam usiku, hukutana na foleni ya kuingia mjini, na Jumatatu huamka na hasira. Kama kuna siku moja ya kuomba ruhusa kazini, wengi huiomba Ijumaa. Mimi ningeiomba Jumatatu. Ikishindikana, oga na unywe chai bila pupa, panda basi kabla ya saa nne, na likisimama Muheza nunua machungwa dirishani.