Je, Wajua Kampuni Huingiaje Ndani ya Sheria?

Ikitajwa kampuni kubwa kushawishi serikali, wengi huwaza bahasha: mbunge anapokea fedha, kisha anapiga kura alivyoelekezwa. Rushwa ya namna hiyo ipo. Lakini anayetafuta ushawishi wa kampuni kwenye bahasha tu hatauona pale unapofanya kazi kwa utulivu, tena kihalali.

Mwaka 2003 watafiti Ansolabehere, de Figueiredo na Snyder walipitia tafiti zipatazo 40 kuhusu michango ya kampeni na kura za wabunge nchini Marekani. Katika vipimo vitatu kati ya kila vinne, michango haikuonyesha athari ya maana, au athari ilielekea upande usiotarajiwa. Hiyo haina maana kwamba fedha hazifanyi kitu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha ofisi 191 za Bunge la Marekani: baadhi ziliambiwa kwamba wanaoomba mkutano ni wachangiaji wa kampeni, nyingine kwamba ni wakazi wa jimbo. Walipotajwa wachangiaji, viongozi wa juu wa ofisi walijitokeza mara tatu hadi nne zaidi. Kura haikununuliwa, ila nafasi ya kusikilizwa ilipatikana. Tafiti nyingi za aina hii ni za Marekani, ambako sheria hulazimisha michango kuwekwa wazi. Kwingineko ushahidi ni haba zaidi.

Nafasi hiyo hutumikaje? Mwaka 2006 watafiti Hall na Deardorff walitoa jibu linalopindua picha ya bahasha: mshawishi wa kampuni hamfuati sana mpinzani ili ambadilishe, bali humfuata mbunge anayekubaliana naye tayari na kumpunguzia kazi. Mbunge yuleyule anatakiwa kuamua kuhusu dawa, ndege, benki na mbolea, naye ana wasaidizi wachache. Kampuni inamletea takwimu, hoja, hata vifungu vilivyokwisha kuandikwa.

Fikiria mgeni aliyefika njiapanda usiku. Anayeijua njia ni mmoja tu, naye ana nyumba ya wageni kando ya barabara ya kushoto. Anamwelekeza kushoto. Hadanganyi, maana barabara hiyo inafika kweli, wala hampi mgeni hata senti. Anampa taa, anambebea mzigo, anamsindikiza hatua kadhaa. Mgeni anafika na kushukuru kwa dhati. Kwamba barabara ya kulia ilikuwa fupi zaidi hatajua, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka 2013 kamati moja ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilipitisha muswada wa kulegeza masharti ya benki kuhusu mikataba ya kubashiri bei. Gazeti la New York Times lilionyesha kwamba zaidi ya mistari 70 kati ya 85 ilifuata mapendekezo ya benki ya Citigroup. Aya mbili muhimu zilinakiliwa karibu neno kwa neno. Wabunge walichobadilisha ni maneno mawili, yakawekwa katika wingi. Legezo hilo likawa sheria Desemba 2014, ndani ya muswada mkubwa wa matumizi ya serikali.

Hatari kubwa zaidi ni pale mjuzi anapobaki mmoja kwa miaka mingi. Kuanzia miaka ya 1920, utafiti mwingi kuhusu usalama wa risasi (metali yenye sumu) iliyochanganywa ndani ya petroli uligharamiwa na waliokuwa wakiiuza. Ni mwaka 1965 ambapo mwanajiokemia Clair Patterson alionyesha kwamba risasi mwilini mwa watu ilizidi mno kiwango cha asili. Petroli hiyo ilikoma kuuzwa kwa magari duniani mwaka 2021.

Je, kampuni zizuiwe kabisa? Sioni hivyo: mtengenezaji wa ndege anajua mambo ambayo waziri hana budi kuyasikia. Ninachokitetea ni kwamba rasimu itaje aliyeiandika, na bunge liwe na wataalamu wake wenyewe wa kuipima. Iko sekta moja ambako mataifa yamekwenda mbali zaidi: Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, katika kifungu cha 5.3 unazitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya wafanyabiashara wa tumbaku.